Jibu: Nimeweka 300 kwenye ukurasa, mbona picha bado ina ukungu?

Ndugu, ile 300 uliyoiweka kwenye mipangilio ya waraka, yaani pikseli (vidoti vidogo vya rangi vinavyounda picha) 300 kwa kila inchi, haiigusi kabisa picha yako. Katika CorelDRAW, programu ya kuchora na kusanifu, kwa mfano, namba hiyo huamua ubora wa vivuli, uangavu na madoido mengine ambayo programu inayachora yenyewe kwa pikseli. Maandishi na michoro ya mistari haina habari nayo. Hubaki makali hata ukiyakuza mara kumi.

Picha inabeba pikseli zake kutoka kwenye kamera, na hizo haziongezeki kwa kubadilisha mpangilio. Kinachohesabika ni pikseli ngapi zinaangukia kwenye kila inchi ya karatasi. Picha yenye upana wa pikseli 1800 ukiiweka kwa inchi 6, unapata 300 safi. Ivute hadi inchi 12, imeshuka hadi 150, na ukungu unaanza kuonekana. InDesign, programu ya kupanga kurasa, inakuonyesha namba zote mbili, ya asili na ya baada ya kukuza, kwenye paneli ya Links, ile inayoorodhesha picha ulizoweka. Iamini hiyo ya pili.

Angalia pia dirisha la kutoa PDF, maana hapo programu inaweza kupunguza pikseli za picha bila wewe kugundua. Kwa bango la kutazamwa kutoka mbali, 150 inatosha kabisa, usihangaike. Ila kama ni kitabu au jarida, tafuta faili la asili la picha, si lile lililopitia WhatsApp.