Mti wa Krismasi: Kwanza Jiulize Sikukuu Utaila Wapi

Watu huniuliza kama mti wa plastiki unafaa kuliko wa kukata, nami huwarudishia swali: sikukuu utaila wapi? Hapa Uganda hilo ndilo linaloamua mengi. Ikifika tarehe 23 Desemba Kampala inahamia vijijini, nauli zimepanda, na sebule nyingi za Kireka na Ntinda zinabaki na kufuli mlangoni. Mti ulionunuliwa kwa pesa nyingi unabaki ukiwameremetea mbu. Kama wewe ni wa safari hiyo, usinunue mti wa mjini hata kidogo. Pesa hiyo ongezea kwenye nyama.

Sisi huenda Kapchorwa, na huko mti ni wa kukata, basi. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon watu wamepanda misaipresi kwa ajili ya mbao, na harufu ya tawi bichi ikishaingia sebuleni hakuna plastiki ya kuiiga. Msaipresi wenyewe ni mgeni, asili yake Mexico na Amerika ya Kati, ila umekaa kwetu miaka mingi mpaka watoto wanadhani ulikuwepo Bethlehemu.

Lakini kukata kuna adabu yake. Mzee wetu haruhusu mtu aguse kilele. Msaipresi ukikatwa kichwa huotesha vichwa viwili au vitatu, shina haliendi juu limenyooka tena, na siku ya kupasua mbao mwenye shamba anapata hasara. Matawi ya chini ni habari nyingine: hayo hupogolewa hata hivyo, ili mbao isiwe na mafundo. Kwa hiyo chukua la chini, na uombe kwanza. Tawi la namna hiyo huwa bapa, halina mgongo. Liegemeze kwenye kona, upande uliojaa utazame watu, na hakuna mgeni atakayezunguka nyuma kukagua.

Na mjini, ukikuta kando ya barabara mti mdogo ulionyooka vizuri na wenye matawi pande zote, huenda ni kilele cha mti wa mtu, kwa hiyo muulize muuzaji umetoka shamba la nani. Akianza kuzungukazunguka, songa mbele kwa mwingine.

Ukiamua wa kukata, adui yako ni jua. Desemba mvua zinakatika na joto linapanda, kwa hiyo mti ulionunuliwa mwanzoni mwa mwezi utakuwa kuni kabla ya mkesha. Nunua siku mbili tatu kabla ya sikukuu. Shika kijitawi ukivute kuelekea kwako: kikikuachia majani mkononi, kiache hapohapo. Kipinde pia, kibichi hujikunja bila kuvunjika. Ukifika nyumbani kata tena kipande kidogo cha shina chini, kwa sababu utomvu huziba kidonda haraka na mti hauwezi kunywa. Halafu ndoo ya mchanga wenye maji, na kila asubuhi mtu mmoja apewe kazi ya kuongeza maji. Wape watoto kazi hiyo, wataigombania. Ndoo yenyewe funika kwa kitenge, inatosha. Sikukuu ikiisha mti unaishia jikoni, ila saipresi kavu hurusha cheche, msiache mtoto karibu na mafiga.

Wa plastiki nao una nyumba zake. Kama mnakaa mjini mwaka hadi mwaka, au kuna mtu anayepiga chafya akinusa utomvu, nunueni. Taasisi ya Uingereza iitwayo Carbon Trust ilikadiria kwamba mti wa plastiki wa mita 2 unabeba hewa ya kaboni kama kilo 40, na ule wa kukata ukichomwa baadaye ni kama kilo 3.5. Hesabu hiyo ni ya kwao, lakini maana yake inatuhusu: mti wa plastiki ukiutupa baada ya sikukuu mbili tatu umekula hasara mara mbili, ya mfuko na ya mazingira. Basi nunua wa kudumu. Dukani usiutazame ukiwa umepambwa, omba wauvue. Matawi yaliyofungwa kwa bawaba kwenye shina hudumu kuliko yale ya kuchomeka moja moja. Tingisha tawi, uone sakafuni pameanguka nini. Miguu iwe ya chuma. Kuhifadhi ndiko kunakowashinda wengi: boksi likiwekwa juu, chini ya mabati, joto linakausha plastiki mpaka inakatika, na panya wanaleta familia. Liweke chini ya kitanda, ndani ya gunia lililofungwa.

Taa hazichagui mti. Soma kikaratasi kwenye waya: umeme wetu ni volti 240, na kuna taa zinazoingia sokoni zilizotengenezewa volti 110. Nunua za LED, hazipati moto sana. Mkienda kanisani usiku wa mkesha, chomoeni. Mishumaa isikaribie mti, hata umeme ukikatika.

Ninaoupenda kuliko yote ni wa tatu, ule wa kwenye chungu. Wauza miche wa kando ya barabara Kampala huwa na araukaria ndogo, matawi yake yamepangika ngazi kwa ngazi, unaning'iniza mapambo mepesi tu. Mti huo usikae ndani zaidi ya wiki mbili. Ukiutoa, uanzie kivulini, maana jua kali la ghafla litaubabua. Ukizidi chungu unaupanda ardhini, lakini mbali na ukuta na nyaya za umeme, kwa kuwa huu ni mti wa kupita paa la ghorofa. Na kama ni nyumba ya kupanga, ongea na mwenye nyumba kabla hujachimba shimo.