Mtu Aliyening'inizwa si karata ya kifo

Wengi wakiiona karata ya Mtu Aliyening'inizwa huuliza kama inatabiri kifo. Hapana, karata hii, namba 12 ya taroti (karata za kupigia ramli), haitabiri kifo wala kujinyonga. Mtazame vizuri kwenye seti ya karata iitwayo Rider-Waite ya mwaka 1909, aliyoichora Pamela Colman Smith: kafungwa mguu, si shingo; mguu wa pili kaukunja nyuma ya ule uliofungwa, uso umetulia tuli, na kichwani ana duara la nuru kama wanavyochorwa watakatifu. Hata mti wenyewe bado una majani! Ndiyo maana wasomaji wengi wa taroti huichukulia kuwa ni kujisalimisha kwa hiari, kusubiri, au kulitazama jambo kwa upande ambao hukuuzoea.

Ila hofu ya watu haikutoka hewani. Italia ya zamani karata hii ilijulikana kama Msaliti, na huko wasaliti walichorwa hadharani miguu juu kichwa chini ili wafedheheke. Maana ya kiroho imekuja baadaye sana, maana mwanzoni taroti ilikuwa mchezo wa karata tu. Unayoiogopa ni inayofuata, namba 13, iitwayo Kifo, na hata hiyo kwa kawaida husomwa kama mabadiliko.