Dhamana ya polisi haina bei

Pole, dada. Kama mdogo wako anashikiliwa hapo Mwanga, Kigoma, tangu Ijumaa jioni na unaambiwa ulete laki moja "ya dhamana", usitoe hata shilingi. Dhamana ya polisi ni kusaini hati tu. Kiasi kinachoandikwa humo ni kile atakachodaiwa mdhamini mtuhumiwa akitoroka. Nenda na kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa, umuulize mkuu wa kituo mwenyewe (siyo aliyeko kaunta) kosa hasa ni lipi. Likiwa mauaji, uhaini au unyang'anyi wa kutumia silaha, hapo kweli dhamana hakuna.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataja saa 24 za kufikishwa mahakamani, ila kuna neno "ikiwezekana", na wikendi ndilo linalotumika. Jumatatu asubuhi hawana kisingizio.

Mimi ningehofia zaidi maelezo ya onyo (yale anayoandikishwa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika kama ushahidi), maana ndiyo yatakayosomwa mahakamani. Muda wa kawaida wa kuhojiwa ni usiozidi saa 4, na ana haki ya kuomba ndugu au wakili awepo. Asome kila ukurasa, arekebishe palipokosewa, nafasi tupu zipigwe mstari, ndipo asaini.