Mama alikuwa anaishi kwa chai na mkate, sisi tukasema ni uzee

Niseme mapema mimi sio daktari, mi ni mtoto tu niliyechelewa kuona, na naandika hii kwa wale wenzangu ambao wazazi wako mkoani, kila ukipiga shikamoo unaambiwa "marahaba mwanangu, sijambo, nimeshakula" unakata simu unalala usingizi wako.

Baba alivyofariki mama akabaki Muheza peke yake. Kila mwezi natuma hela kwenye simu, na mara moja moja napakia mzigo kwenye basi, mchele, unga, dagaa, nikajiona mtoto mwema. Ila sauti yake ikawa inazidi kuwa ndogo, akaacha kwenda darsa, akaacha kikoba ambacho alikuwa mwekahazina, ukimuuliza anasema miguu ina ganzi, mwili hauna nguvu. Hajalia hata siku moja. Ndo maana hakuna aliyefikiria sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, sisi tunajua mtu mwenye sonona analia, kumbe mzee anaweza asiseme ana huzuni kabisa, atakwambia mgongo, usingizi, chakula hakina ladha.

Nikaenda. Kilichonivunja ni jiko. Ile sufuria kubwa ya wali wa nazi wa Ijumaa imepinduliwa juu ya kabati ina vumbi la kuandika jina, mbuzi ya nazi iko nyuma ya mlango buibui kashajenga, na ule mfuko wa dagaa niliotuma mwezi mzima nyuma bado una fundo langu mwenyewe, halijafunguliwa. Mezani chupa ya chai na mkate nusu. Namuuliza mama mbona hupiki, akanijibu "nimpikie nani?"

Zahanati ya jirani walishampa panadol, wakamwambia uzee huo bibi. Nikampeleka mjini Tanga, daktari akakaa naye akamuuliza maswali 15 ya ndiyo na hapana, kumbe yapo maalum kwa wazee, umeridhika na maisha yako, umeacha shughuli ulizozipenda, unajiona huna thamani, vitu kama hivo. Halafu akaomba mfuko wa dawa zote anazomeza. Alipoona metformin, dawa ya sukari ambayo mama kameza miaka na miaka, akaandika kipimo cha damu cha vitamini B12. Ikarudi iko chini sana.

Hapa nisikilizeni vizuri maana sikuwahi kuambiwa. B12 kwa asili ipo kwenye vyakula vya wanyama tu, nyama, samaki, mayai, maziwa, maini. Mtu mzima anahitaji kidogo mno, maikrogramu 2.4 kwa siku, lakini tumbo la mzee linapunguza asidi na bila asidi hiyo B12 haiachani na chakula, sasa weka metformin juu yake, au zile omeprazole za vidonda vya tumbo ambazo watu wanameza kama pipi, inashuka zaidi. Uingereza mamlaka ya dawa iliwatahadharisha madaktari kuhusu hii metformin mwaka 2022. Ikipungua unapata ganzi, ulimi kuuma, kusahau, na kujawa na huzuni. USIACHE dawa ya sukari kwa sababu umesoma hapa, omba kipimo.

Ila mama hakuugua kwa B12 peke yake na sitaki mtu aseme nimesema dagaa inatibu sonona. Inaenda pande mbili, huzuni inaua hamu ya kula, na kutokula kunaongeza huzuni. Kuna utafiti wa Australia wa 2017, watu 67 wenye sonona, nusu wakasaidiwa kubadili chakula wiki 12, mboga, maharage, samaki, nafaka zisizokobolewa, nusu wakapewa mtu wa kupiga nao stori tu, wa chakula ndo wengi zaidi walipata nafuu, kama theluthi moja yao. Ni watu wachache na hawakuwa wazee tu, na wengi wao waliendelea na tiba zao. Mama nae alipewa sindano za B12 na dawa ya sonona, chakula kikafuata.

Sasa kuhusu ule mfuko wa dagaa. Mama hana magego! Miaka miwili natuma dagaa wakavu kwa mtu asiyeweza kuwatafuna, na yeye kwa aibu hasemi. Tunawakaanga kidogo, tunawatwanga kwenye kinu, unga wake unaingia kwenye mchuzi wa nazi au mchicha, hata ukichanganya na kunde zilizoiva hadi zikapondeka hausikii mwiba. Mayai ya kuchemsha, maziwa mtindi jioni, maini mara moja kwa wiki. Chai hatukumnyang'anya, tungepigana, ila inakuja saa moja baada ya chakula maana inazuia madini ya chuma. Na wale wa meseji za "virutubisho vya wazee" laki na nusu kwa kopo, hiyo hela nunua trei za mayai na ubaki na chenji.

Kubwa kuliko vyote, mtu wa kula naye. Binti wa dada yangu kahamia pale, na mchana jirani anakuja na bakuli lake wanakula sinia moja. Kama mzazi wako anakataa chakula kabisa au anasema bora afe, hapo usisubiri mchicha, hospitali siku hiyohiyo.

Juzi kanipigia mwenyewe, tena asubuhi, bila salamu ya maana, analalamika kwamba mjukuu wake anakuna nazi mpaka kwenye kifuu, tui linakuwa jeusi, watoto wa siku hizi hawajafundishwa kitu. Kaongea dakika kumi nzima. Nilikuwa kwenye daladala, nikashuka kituo kisicho changu ili nisikie vizuri.