Nusu kaputi si usingizi wa kawaida

Buda, umeuliza kama nusu kaputi ni usingizi tu kama ule wa usiku. Zii, mtu akilala ukimfinya anaamka, huyu wa thieta anapasuliwa na hashtuki. Ile propofoli, dawa nyeupe kama maziwa wanakudunga kwa mshipa, unaskia mkono unawasha kidogo na kabla dakika iishe ushazima, inaongezea nguvu GABA, kemikali ya kutuliza seli za ubongo, sasa sehemu za ubongo zinaacha kuongea vizuri. Ketamini ni dawa ingine ya njia tofauti, inaziba vipokezi vya NMDA, yaani milango ya seli za ubongo ya kupokea ujumbe, ndio maana wengine huamka wakiona vituko. Na wakisema usikule kabla ya upasuaji, usikule jameni, hata kukohoa kunazimwa, chakula kinaweza ingia mapafu.