Msimwachishe kazi huyo binti kabla hajafika mwaloni

Msimwachishe kazi. Nimeurudia uzi wako ili nihakikishe kwamba sijakuelewa vibaya: mnatengeneza programu ya simu ya kuwalipa wauzaji wa dagaa, majaribio yenu yote ya kiotomatiki (yale ambayo kompyuta huyaendesha yenyewe) yanapita, na sasa mnauliza kama binti anayeijaribu programu hiyo kwa mkono bado ana kazi ya kufanya, mtumie chombo kipi cha kuandikia majaribio hayo kati ya Appium na Espresso, atakayeandika majaribio alipwe kiasi gani, na seva iwekwe wapi. Nitajibu hilo la kwanza tu, maana ndilo lililotuunguza sisi.

Programu yetu ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Wakala anasimama mwaloni Igombe, Mwanza, yaani ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, anahesabu ndoo za dagaa wabichi, anaandika idadi, anabonyeza "Lipa", na fedha zinaingia kwenye simu ya muuzaji. Majaribio yalijiendesha yenyewe kila usiku, na kila asubuhi ukurasa wa matokeo ulikuwa wa kijani kuanzia juu hadi chini, yaani kila jaribio limepita. Kwa kuwa hatukutaka kutuma fedha za kweli wakati wa kujaribu, tulitengeneza seva ya bandia iliyojifanya kuwa mtandao wa malipo: ukiiomba ilipe, inajibu papo hapo ama "imelipwa" ama "imekataliwa". Aliyeiandika seva hiyo ndiye aliyeandika programu, na ndiye aliyeandika majaribio, yaani mimi, kwa hiyo jambo nililolisahau mahali pamoja nililisahau pote patatu kwa uaminifu mkubwa.

Igombe kuna jibu la tatu, nalo ni ukimya. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikishika wavuvi wengi hupumzika. Giza likirudi, mitumbwi inafika alfajiri kwa mkupuo, mawakala wote wanabonyeza "Lipa" kwa wakati mmoja, na mtandao unalemewa. Ombi la malipo lilifika, fedha zikatoka, lakini taarifa ya kwamba zimetoka ikapotelea njiani. Programu yetu ilisubiri, ikakata tamaa, ikaandika kwa herufi nyekundu: "Malipo yameshindikana. Jaribu tena." Sasa mtazame wakala: vidole vimelowa na vina magamba madogo ya dagaa, simu imo ndani ya mfuko wa nailoni, muuzaji yuko mbele yake anafoka kwamba wenzake wanamsubiri chomboni. Alijaribu tena, kama tulivyomwelekeza sisi wenyewe kwa maandishi mekundu. Wengine walijaribu hadi pale programu ilipokubali. Kila mbonyezo ulihesabiwa kuwa muamala mpya, na kila muamala ulilipwa.

Tuligundua jioni, pale mhasibu alipouliza kwa upole kwa nini salio limekwisha ilhali ndoo zilizonunuliwa ni chache. Tulianza kupiga simu. Wauzaji wengi walirudisha, na wengine waliona aibu kuliko sisi. Lakini wapo waliokuwa wamekwishahamia kambi nyingine visiwani, na mmoja alinieleza kwa utulivu kabisa kwamba hizo zilikuwa ni zile tulizompunja mwezi uliopita. Sikuwa na hoja ya kumjibu, maana kumbukumbu zetu zenyewe zilikuwa zimeshavurugika. Pengo lililobaki tulilifidia sisi, na pikipiki ya ofisi ikaenda. Shemeji yangu bado ananiita Mheshimiwa Kijani, na mimi huitika, kwa sababu ukikataa jina la namna hiyo ndipo linapokukaa.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba tulikuwa na mjaribu kama wenu, na tulikuwa tumemwachisha. Alikuwa na tabia ya kuzima data katikati ya muamala, kubonyeza kitufe mara mbili, na kupokea simu wakati fomu haijakamilika, na sisi tulikuwa tukimwambia kwamba hakuna mtu anayetumia simu namna hiyo. Mshauri mmoja alitujia kutoka Dar es Salaam, na slaidi nzuri na viatu visivyowahi kukanyaga mwalo, akatuambia kwamba majaribio yetu yakigusa asilimia 100 ya mistari ya msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, mjaribu wa mkono ni gharama isiyo na maana. Tulimlipa kwa maneno hayo. Hakutueleza kwamba asilimia hiyo huhesabu mistari iliyopitiwa tu; haisemi kama kuna aliyeuliza swali la maana mstari ulipopitiwa, na haiwezi kuhesabu mstari ambao haukuandikwa. Msimbo wa kushughulikia ukimya haukuwapo, kwa hiyo haukupunguza asilimia hata moja. Simu za mshauri huyo sasa hazipatikani, na huenda yeye pia anasubiri jibu la seva.

Usidhani ni ushamba wetu wa huku kanda ya ziwa. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwazidishia mionzi wagonjwa 6 nchini Marekani na Kanada, na baadhi yao walifariki. Hitilafu mojawapo ilijitokeza pale tu mwendeshaji mzoefu aliporekebisha maelezo kwenye skrini kwa haraka, ndani ya sekunde 8. Wahandisi wa kiwanda hawakuweza kuirudia. Waliofanikiwa ni mwanafizikia wa hospitali na mwendeshaji wake, waliokaa kwenye ile mashine wakaandika na kurekebisha tena na tena hadi kosa likajitokeza.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: msiandike jaribio la kiotomatiki la jambo lolote kabla mtu hajalijaribu kwa mkono, kwenye simu halisi, mahali litakapotumika. Baada ya hapo, andikeni mpaka mchoke. Sisi leo kila ununuzi una namba yake ya kumbukumbu isiyobadilika hata wakala akibonyeza mara kumi, hivyo hulipwa mara moja tu, na seva ya bandia imefundishwa kupokea fedha kisha kunyamaza. Jaribio hilo huendeshwa kila usiku, na kosa lile halijarudi. Mashine hulinda vizuri kile ambacho mtu amekwisha kukigundua. Hata kosa la saa haikuligundua: wakala wetu aliandika "saa 11" akimaanisha alfajiri, programu ikapokea 11:00, jaribio lilitarajia 11:00, likapita.

Mpeni binti huyo nauli na simu ya bei ya chini yenye chaji kidogo, aende mwaloni siku za giza, afike kabla ya mitumbwi, na asimame karibu na wakala, si ofisini kwa mwenyekiti wa mwalo. Akirudi, mwulizeni programu inafanya nini simu ikizimika baada ya "Lipa" kubonyezwa na kabla ya jibu kufika, kisha uandike majibu yake hapa hapa kwenye uzi huu, kabla hamjasaini lolote la kumwondoa.