Ugumu wa akili si sifa

SWALI: Nimeona tangazo la semina ya vijana: "Jenga ugumu wa akili na ustahimilivu." Haya ni mambo mawili au ni lile lile? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ni mawili, ila kwanza niache nipumue. Ugumu wa akili! Watu watozwe ada kwa kitu ambacho sisi shuleni tulikuwa nacho bure, na mwalimu wa hesabu akahangaika na bakora ili kitutoke? Kwa Kiswahili mwenye akili ngumu ni yule asiyeshika anachofundishwa. Kichwa kigumu ndiyo hivyo hivyo, ukaidi ukiwa nyongeza. Ugumu husifiwa ukikaa rohoni: "yule ana roho ngumu" husemwa juu ya mtu asiyetishika. Ukihamia moyoni, tahadhari. Mwenye moyo mgumu aweza kuwa jasiri, aweza pia kuwa asiye na huruma hata kwa mamaye. Aliyefasiri "mental toughness" ya Kiingereza kwenye tangazo hilo aliokota "ugumu", akaupachika kwenye kiungo cha kwanza alichokiona.

Alichokuwa anakitafuta ni ukakamavu, na kila aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) analijua neno hilo.

Ustahimilivu nao asili yake ni Kiarabu, mzizi mmoja na "hamali": kubeba.

Tofauti yenyewe naieleza kwa John Stephen Akhwari, na wanaonisoma siku zote wanisamehe, ndiye mfano wangu. Olimpiki ya Mexico, 1968, mwanariadha huyu wa Mbulu alianguka katikati ya marathoni, goti likateguka. Akafungwa bendeji, akaendelea akichechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa moja kabla Akhwari hajaingia uwanjani, na giza lilishaanza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Huo ndio ukakamavu: mwili unasema basi, mwenyewe anakaza.

Wenye semina huishia hapo, ukumbi ukapiga makofi, chai ikaletwa. Hawafiki Edinburgh, 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambako mtu huyo huyo alimaliza marathoni akiwa wa tano. Kuumia, kupona, kurudi na kukimbia vizuri: hicho ndicho wanachokiita ustahimilivu. Na mtu aweza kuwa na kimoja akakosa cha pili. Wako wanaokaza mpaka wanavunjika, wasiinuke tena.

Mimi neno hilo halijanikaa. Kustahimili ni kuvumilia mzigo ukiwa bado begani, si kusimama upya baada ya kudondoka nao. Waliosema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi walilifikisha wazo bila kuunda nomino. Lakini miradi ya ukame na mafuriko imeshatujazia "jamii stahimilivu" kwenye kila bango, na kamusi haziwezi kushindana na mabango. Nimelipinga weee. Sasa nalistahimili tu, kwa maana yake ya zamani.